Sukari Aliyoificha

Fundi cherehani alikuwa na mimba ya miezi saba alipopimwa sukari kliniki. Walimnywesha maji ya glukosi kabla hajala, wakamtoa damu mara tatu.

"Ni sukari ya ujauzito," nesi alimwambia. "Punguza vya utamu, tembea kila siku. Na siku ya kujifungua mwambie mkunga. Mtoto lazima apimwe, sukari yake inaweza kushuka ghafla."

Nyumbani hakusema. Mama mkwe wake alikuwa na ulimi. Jirani mmoja mwenye kisukari, mama huyo alimbandika jina la "duka la sukari" mpaka jirani akahama mtaa. Kwa hiyo mkwe akimwekea chai tamu, fundi anasingizia kiungulia. Kadi ya kliniki akaizika chini ya vitambaa vya wateja.

Uchungu ulimkuta kabla ya siku zake, akiwa katikati ya kushona pindo. Walikimbilia hospitali ya karibu, kadi ikabaki. Adhuhuri akajifungua mtoto wa kiume, kilo nne na nusu.

"Bonge la mwanamume!" mkwe alishangilia. "Huyu hakuzaliwa, amehamia!"

Fundi hakucheka. Mtoto alikuwa analala mno. Akimpa ziwa, hashiki. Vidole vikawa vinatetemeka.

"Baridi hiyo," mkwe alisema, akimwongezea shuka. "Mwache, naye kachoka."

Mkunga alikuwa anatoka wodini. Fundi akamtazama mkwe, akamtazama mtoto.

"Dada! Nilikuwa na sukari. Nilipimwa, nikaficha. Mpime mwanangu!"

Mkwe akashika mdomo. Mkunga hakuuliza mara mbili. Alimchoma mtoto kisigino, akasoma kipimo, akambeba mbio kumpeleka chumba cha watoto wachanga. "Sukari imeshuka sana," ndilo neno pekee aliloacha.

Wakabaki wawili. Kipimo cha pili kikaletwa: bado iko chini. Walikuwa wamemtundikia dripu.

"Ulikuwa unaniogopa mimi?" mkwe aliuliza hatimaye.

"Nilikuogopa, mama."

Mkwe akainamisha kichwa. "Ulimi wangu huu nusura unizikie mjukuu."

Saa kumi na moja jioni mkunga akachungulia mlangoni. "Imepanda, na ameamka na hasira zake. Njoo ujaribu kumnyonyesha."

Fundi alishuka kitandani. Mkwe akamshika kiuno, wakaenda polepole, wakipumzika kila baada ya vitanda viwili.