Mlango wa Melchior

Melchior hakujua kutulia kwenye kazi moja. Alichora, alidarizi, alichonga miiko yenye nyuso za watu, alitunga nyimbo alizozisahau mwenyewe kabla ya Jumapili. Lakini kilichompa jina kambi nzima ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, ni sinema zake. Alizipiga kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na hazikuwa na sauti hata chembe.

Sauti tulikuwa sisi. Kila alipozionyesha tulikaa nyuma ya pazia la magunia ya unga aliyoyashona pamoja. Mkewe Bernardine alipepeta maharage kwenye ungo ili mvua inyeshe, na jirani yetu Gad alitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Gad akiwa na njaa alitwanga mbio, na sinema nzima ikabadilika. Melchior alifurahia sana jambo hilo. Alisema sauti ukiifungia ndani inaoza.

Mimi na yeye tulikuwa na kipande chetu. Kilikuwa mlango tu, mlango wa nyumba ya udongo, kwa dakika mbili, mwanga wa jua ukiupanda polepole. Yeye aligonga ubao na kuita, "Wa humu, muko?" Mimi nilinyamaza kwanza, kama mtu anayejifuta mikono, halafu nikajibu, "Tuko. Ingia tu." Basi, imekwisha. Wageni waliuliza mapigano yanaanza saa ngapi. Sisi hatukuuliza, maana kila mmoja wetu alikuwa na mlango aliouacha nyuma. Wangu uko Uvira, kule Kongo, kama bado uko.

Mwaka jana figo zikaanza kumsumbua, akahamia mji wa Mbarara kuwa karibu na hospitali. Huko, nikasikia, anarekodi sauti zote kwa fundi mmoja wa mtaa wa Ruti, zibaki ndani ya sinema. Nilipandwa na hasira. Nilimpigia simu nikamwambia ametutupa kama maganda ya ndizi, na mengine ambayo sitayaandika hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama Eugénie, uje basi Ruti." Sikwenda. Kwa miezi mitano nilijifanya nimebanwa na biashara yangu ya vitenge, na Machi mwaka huu akafariki.

Bernardine aliponituma nikachukue sinema kwa ajili ya siku ya kumaliza kilio, sikuwa na uso wa kukataa. Fundi yule, Nkusi, alinikabidhi flashi ndogo.

"Mama, kuna pahali moja sauti hakuna," alisema. "Si makosa yangu. Mimi nilitaka kuweka muziki, mzee akakataa kabisa."

Nilimjibu kwamba haidhuru. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimeibana flashi kiganjani, nikiwaza jambo moja tu: kama Melchior alikufa akiwa na kinyongo nami. Wa kumwuliza hakuwepo tena.

Alasiri ya kumaliza kilio tulifunika kwa blanketi madirisha ya ukumbi pale Base Camp, makao makuu ya kambi. Safari hii hakuna aliyekaa nyuma ya pazia. Sauti zote Melchior alizifanya mwenyewe, na alizifanya vibaya: mvua yake iligonga kama kokoto, kutwanga kwake kulikatizwa na kikohozi. Gad alisema marehemu hajawahi kushika mtwangio maishani. Watu wakacheka, hata Bernardine.

Kisha ukaja mlango. Akagonga.

"Wa humu, muko?"

Sauti ilikuwa nyembamba, na katikati alivuta pumzi. Nilikaza moyo nisikie alimpata nani wa kujibu badala yangu. Hapakuwa na jibu. Kimya kikapita muda wa kujifuta mikono, kikaendelea. Ndipo nilipoelewa ni pahali gani alimkataza fundi asipajaze. Bernardine aligeuka akanitazama.

Nikasimama.

"Tuko," nikasema. "Ingia tu, Melchior."

Mwanga ukaendelea kuupanda mlango. Halafu kwenye spika likaja neno ambalo hatukuwahi kulisema nyuma ya pazia, sauti ile ile nyembamba, ikitania kama zamani:

"Nilizani umetoka, Mama Eugénie."

Nikaketi, nikalia mbele za watu wote, wala sikuona haya.