Video Iliyokatika Dakika ya Nne

Kaingu alikuwa bawabu katika nyumba moja ya kifahari huko Diani, mpaka asubuhi ile wezi walipomvunja mkono wa kushoto kwa nondo na kumpasua kichwa. Pigo la kwanza lilimjia kwa nyuma, hakuona mtu. Mwenye nyumba akaamini kwamba alikuwa amelala kazini, akamfuta kazi. Mpishi wa pale ndiye aliyemhurumia, akampa flashi yenye video ya kamera ya lango.

Lakini kompyuta yake ya nyumbani, kijijini Gazi, iligoma. Kila video ilipofika dakika ya nne, picha iliganda, kioo kikawa cheusi, programu ikajifunga.

Jumapili mchana mkewe, Kahaso, alimwita jirani yao Veronicah, aliyeshughulikia kompyuta za hoteli. Veronicah alipangusa vumbi kwenye feni. Video ikakatika. Akaihamisha kutoka kwenye flashi hadi ndani ya kompyuta. Ikakatika. Akaweka programu nyingine, yakawa yale yale.

"Hodi!" Tsuma, msimamizi wa mabawabu wa nyumba ile ya Diani, aliingia na mfuko wa machungwa. "Pole ndugu yangu. Waendeleaje?"

"Twashukuru, mkubwa. Karibu uketi."

Tsuma aliiona kompyuta, hakuketi. "Hiyo ni video ya lango? Mwaisumbukia nini? Imeharibika hiyo, hata mwenye nyumba nilimwambia."

"Haijaharibika," Veronicah alisema bila kugeuka. "Kadi ya picha ndio inashindwa. Programu inaibebesha kazi kubwa. Sasa nimeiondolea kadi kazi hiyo, prosesa, ubongo wa kompyuta, ifanye yenyewe. Tuone."

Dakika ya nne ikapita salama. Tsuma akaonekana akifungua lango kwa ufunguo. Watu wawili wakaingia. Tsuma akawaonyesha kwa kidole mahali Kaingu alipokuwa akimwagilia maua, amewapa mgongo. Nondo ikapanda, ikashuka. Kaingu alijiona akianguka, akiinua mkono kuomba, na mkono ukivunjwa.

"Ni wewe," Kahaso alisema.

Tsuma akaipiga teke meza. Kompyuta ikaanguka, kioo kikapasuka. Akamsukuma Veronicah ukutani, akaichomoa flashi. Kahaso alipomshika shati, Tsuma alimpiga ngumi ya mdomo. Jino likadondoka pamoja na damu kwenye leso yake.

Kaingu akanyakua rungu nyuma ya mlango kwa mkono wake mzima. Pigo la kwanza lilimpata Tsuma gotini, akaanguka akipiga yowe. La pili likavunja mbavu. Tsuma akajikunja, akaomba kwa jina la Mungu. Kaingu akaendelea kupiga.

"Yuafa! Baba Karisa, utamuua!"

Kahaso alipiga kelele, akamkumbatia mumewe kwa nyuma, damu ya mdomo wake ikimlowesha Kaingu shingo, hadi majirani walipoingia na kumpokonya lile rungu.

Polisi walimpeleka Tsuma hospitali, kisha rumande. Diski ya kompyuta ilikuwa nzima, na video ilikuwamo. Wale wawili walikamatwa wiki hiyo hiyo.

Afisa alimuuliza Kaingu alimpiga Tsuma mara ngapi.

"Sijui, afande. Ila mke wangu asingenishika, nisingeacha."

Mwenye nyumba alikuja mwenyewe Gazi kumwomba msamaha, na kumtaka arudi kazini. Kaingu alimkaribisha kwa heshima, akamwandalia chai, akakataa. Siku hizi yuaotesha miche ya mikoko. Rungu alimpa jirani.