Kitufe cha A kwenye Meza ya Bi Ghislaine

Bi Ghislaine Collard alikuwa ameapa mbele yetu madereva kwamba atauzika ule ukurasa mpya wa kompyuta kabla haujamzika yeye. Kwa hiyo mambo yalipoharibika asubuhi ya kwanza, hakuna aliyehangaika kutafuta mkosaji mwingine.

Kazi yetu pale Liège ni kuvuta magari yaliyoharibika barabarani. Zamani Bi Ghislaine alipokea maombi kwa simu na kutupigia kelele redioni. Sasa maombi yalimjia kwenye skrini: akibonyeza A, amelipokea, na simu ya dereva aliye karibu inalia. Akibonyeza Q, amelikataa, nalo linakwenda kwa wapinzani wetu wa ng'ambo ya mto. Aliyeutengeneza ukurasa huo ni Wiebe Hoekstra, Mholanzi mrefu asiyesalimia mtu, aliyekuja na kompyuta yake na kutufundisha kwa hiyo hiyo.

Mvua ilikuwa inamwagika, siku ambayo magari huzimika kama mishumaa. Simu zetu kimya. Tulikunywa kahawa mpaka ikatuchosha. Mara tukaona gari la wapinzani likipita mbele ya lango letu, limebeba Peugeot mgongoni. Mwenye kampuni, Bwana Thonon, akatoka ofisini uso umewiva.

"Ghislaine! Maombi yako wapi?"

"Nimeyapokea yote. Waulize hawa wavivu wako."

Wiebe alikuwa ameshainamia skrini yake. Ukurasa ulikuwa unaandika kila kitufe kilichobonyezwa. "Q," akasoma kwa sauti. "Q. Q tena. Q. Mama huyu amekataa kila kitu tangu alipokaa."

"Nimebonyeza A!"

"Kompyuta haina chuki na mtu. Wewe unayo, na umeitangaza."

"Rudia hayo, we mlingoti, nikumwagie hii kahawa."

Nasema kweli, hata sisi tulimshuku. Mwenzetu Fabrice alimwambia usoni, "Ugomvi wako na mashine umetunyima riziki, mama." Bi Ghislaine alimtazama kama mtu aliyetemewa mate. Bwana Thonon akamwamuru achukue koti lake aende nyumbani, wataongea kesho, na mtu wa chama cha wafanyakazi akiwepo.

"Siendi," alisema. "Keti hapa wewe mwenyewe. Bonyeza hiyo A."

Bwana Thonon aliketi, nadhani ili amwaibishe. Ombi likaingia, akabonyeza A kwa kidole kimoja, nalo likatoweka. Tukasubiri. Hakuna simu iliyolia.

"Q," akasema Wiebe, safari hii polepole.

"Q nini? Mimi ni kipofu?" Bwana Thonon akafoka.

Ombi jingine lilipoingia, Wiebe akabonyeza A kwenye kompyuta yake. Simu ya Fabrice ikalia mfukoni. Mholanzi akabeba kompyuta yake akaiweka kando ya kibodi ya Bi Ghislaine, akavitazama vitufe. Shingo yake ikaanza kuiva. Pale penye Q kwenye kibodi yake ya Kiholanzi, kwenye yetu pana A.

"Niliuandika ukurasa uulize kitufe kiko mahali gani," alisema, "si kina herufi gani. Na kila mahali pamepewa jina la herufi iliyopo kwenye kibodi kama yangu." Akaongeza haraka, "Lakini nani duniani anapanga herufi namna hii?"

"Watu wa hapa," Bi Ghislaine akajibu. "Ulikuja kuwafanyia kazi nani? Wa kwenu?"

Wiebe alibadilisha neno moja tu kwenye programu yake. Simu zikaanza kulia mfululizo, na Bwana Thonon akasema basi, yamekwisha, kila mtu kazini.

"Hayajaisha." Bi Ghislaine alimsukumia Wiebe simu ya mezani, kipaza sauti kimewashwa. "Ombi la kwanza kabisa. Mwanamke mwenye mtoto mchanga, barabara kuu, karibu na Huy. Mpigie umwambie nani alimkataa."

"Hiyo si kazi yangu."

"Kuniita mwongo ilikuwa kazi yako?"

Bwana Thonon aliangalia dirishani. Wiebe akapiga. Yule mwanamke alikuwa ameshachukuliwa na wapinzani, baada ya kusubiri kwenye majani ya kando ya barabara, mtoto kamfunika kwa koti lake.

"Madamu, kulikuwa na hitilafu ya kitufe..."

"Kitufe? Malori yalikuwa yananipita pale karibu yanivue viatu, wewe unaniambia kitufe? Jina lako nani? Litaje vizuri, nimwambie mume wangu!"

Akalitaja. Yule mwanamke alimwosha kwa maneno mpaka pumzi ikamwishia, kisha akakata simu. Hakuna aliyecheka.

Baadaye Fabrice alinunua keki ya wali, ile ya hapa kwetu, akamwekea Bi Ghislaine mezani. Mama akaisukuma kando bila kugeuza kichwa, akamwambia redioni, ingawa alikuwa amesimama hapo hapo, kwamba kuna gari limezimika Seraing, na aende.