Mfarishi wa Magoti

Niliota usiku wa jana kwamba mkasi wangu amekaa kwenye stuli, amekunja miguu, ananisubiri nimalize kunywa chai. Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai ovyo, na isitoshe mkasi yule nilimnunua mwenyewe.

Kwanza nieleze hali ilivyo. Mimi ni Sekela, mtu wa Kyela, na kwetu watu wanalala madirisha wazi. Tangu kazi inilete Njombe nimejua baridi ni kitu gani. Baridi ya huku inabisha hodi jioni, ikiingia haiagi. Ndipo nikaanza kushona mfarishi, lile shuka nene la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, na blanketi kuukuu katikati. Nilijifunza kwa video za simu. Niliomba mabaki ya vitenge kibandani kwa fundi, nikapima, nikakata, nikaunga, nikawa nachelewa kulala kwa raha. Ulipokamilika ukafunika magoti. Magoti tu, na hapo uwe umekubali kujikunja.

Siku moja kule kwa fundi mama mmoja, Mama Mtewele, alinikuta nikichambua mabaki. Akaniambia kuna kina mama wanaoshona mifarishi, wanakutana kila Jumamosi kwenye ukumbi wa nyuma ya soko. "Njoo na ulichonacho," alisema. Nilichonacho ndicho hicho cha magoti. Jumamosi zikapita nikiwa nimejifungia ndani. Nilitamani kwenda mpaka nashika kitasa, nikaogopa kuchekwa mpaka nakiachia. Na katika mji huu sina hata mtu wa kumwomba chumvi.

Basi, mkasi.

"Ulipokata vile vipande," anauliza, "ulikata kwa kipimo gani?"

"Kipimo kamili."

"Kamili kabisa?"

"Kabisa. Sikuacha hata ukucha."

Mkasi anafungua miguu, anaifunga tena. Nadhani kwa mkasi huko ndiko kuguna. "Kesi hii imenizidi," anasema. "Twende ukumbini."

"Leo hapana. Leo nina mafua."

Najifunika mfarishi wangu ili nijifiche. Mfarishi unafunika magoti, kwa hiyo magoti yanajificha vizuri sana, yanabaki kitandani. Mimi niliyebaki najikuta barabarani.

Kutembea bila magoti si kugumu kama watu wanavyodhani. Kwenye tambarare unakwenda vizuri tu. Tatizo ni milima, na Njombe yote ni mlima. Nateremka kama meza inayohamishwa. Watu wananisalimia, "Kamwene, dada," nami naitikia, "Kamwene." Hakuna anayeuliza habari za magoti, maana watu wa huku ni wastaarabu.

Nakata kona ya soko, niko Kyela, uani kwa mama yangu. Mama anapepeta mchele.

"Mama, ukumbi uko wapi?"

"Nyuma ya soko."

"Lakini soko liko Njombe."

"Basi pita jikoni," anasema, wala hainui macho.

Napita jikoni, natokea Njombe. Barabara sasa ni ya kitenge. Mstari mweupe wa katikati umeshonwa kwa uzi, na lori moja limesimama likisubiri kipande cha mbele kiungwe.

Mlangoni mwa ukumbi amesimama Cherehani, mmoja wa wale wa zamani wa kukanyaga kwa miguu, amevaa koti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umeshafuliwa?"

"Nimeoga asubuhi."

"Sikuuliza kuoga. Kitambaa kipya hakiungwi na wenzake kabla ya kufuliwa. Kinachuja, kinawaharibu wenzake."

Hoja yake ina mantiki, kwa hiyo naingia kwenye beseni. Nafuliwa. Natoa rangi. Kwanza inatoka ya zambarau, ambayo Cherehani anasema ni aibu. Halafu inatoka ya kijani, na hiyo ni ile sauti ninayoitumia kuwaambia majirani kwamba mimi niko sawa, sina shida yoyote. Maji yanabadilishwa. Nakamuliwa, nakung'utwa, naanikwa kwenye kamba pamoja na foronya mmoja asiyependa mazungumzo. Nakauka. Nimepungua kidogo urefu, lakini najisikia mwepesi mno.

"Sasa ingia," anasema Cherehani. "Na uharakishe."

Ndani ya ukumbi wanawake wamelala sakafuni bega kwa bega, safu kwa safu, mpaka huko mwisho ambako macho yangu hayafiki. Magauni yao ya kulalia yameshonwa ubavu kwa ubavu. Wanapiga soga. Mama Mtewele anatembea juu yao peku, mkononi ana sindano ndefu kama mwiko.

"Sekela! Umechelewa, Pasi yuko njiani."

"Pasi gani?"

"Pasi. Akitukuta tumeshaungwa wote, mji mzima unalala kwenye joto. Atakayekuwa nje ya mshono anageuka tambara la kupigia deki."

Anasema hivyo kama mtu anayetangaza saa ya kufunga duka. Halafu ananionyesha nafasi moja iliyo wazi, katikati kabisa, yenye umbo langu, hata mabega yangu yaliyoinama kidogo. Moyo unanilipuka. Tangu nije mji huu sijaona mahali palipoachwa kwa ajili yangu. Nalala pale kwa furaha.

Sifiki.

Kushoto pana mwanya, kulia pana mwanya, na upepo unapita humo ukipiga mluzi. Najinyoosha, najitanua, navuta pumzi nyingi. Bado.

Jirani yangu wa kushoto ni mwanamke mnene mwenye uso mchangamfu. Gauni lake ni la flaneli yenye maua madogo ya njano. "Mimi Enesia," anasema, "nauza maandazi. Sogea basi, mwenzangu."

"Nimeshasogea."

"Kwani umeacha ziada kiasi gani?"

"Ziada ya nini?"

Vichwa vyote vya ukumbini vinanigeukia. Kule nje hata yule foronya anageuka kwenye kamba.

"Ya mshono, mama," anasema Mama Mtewele kwa upole. "Kipande kinakatwa kikubwa kuliko kitakavyoonekana. Ule ukingo wa ziada unakunjwa, unaingia ndani, hakuna anayeuona, na ndio unaoshika wenzake. Wewe umejikata kamili. Sasa tukushike wapi?"

Hapo ndipo ninapoelewa kilichoupata mfarishi wangu. Vipande vyote nilivikata kwa kipimo kilekile nilichotaka kionekane, kisha kila mshono ukavila kidogo, mfarishi ukaishia magotini. Nataka kulia, nataka kucheka, nachagua kuuliza.

"Nyie mmekunja nini humo ndani?"

"Mimi nimekunja maandazi yote niliyounguza," anasema Enesia, "na dada yangu ambaye hatusemeshani."

"Mimi nimekunja mradi wa kuku," inasema sauti ya safu ya mbali.

"Kuku wangapi?"

"Wote. Walikufa."

Wanacheka, na wakicheka wote wanapanda na kushuka kwa pamoja. Enesia ananifunulia pembe ya gauni lake nione upande wa chini. Ni vurugu tupu. Mafundo, nyuzi zinazoning'inia, mishono iliyofumuliwa na kurudiwa. Juu maua yamepangika, chini hapatamaniki. Sijawahi kufurahishwa na kitu kibaya kiasi kile. Wote, wote kabisa, wanashona kama mimi!

Dirisha linakuwa jekundu. Huko mlimani mkaa unalia pa, pa, pa.

"Pasi huyo!" anasema Mama Mtewele. "Sekela, huna chochote nyumbani? Chochote kilichokushinda?"

"Nina mfarishi ulioharibika. Uko na magoti yangu."

"Yaite!"

Nayaita kwa sauti yangu ya Kyela, ile ya kuitana kutoka shamba hadi shamba, ambayo tangu nihamie huku sijaitumia. Magoti yangu yanaingia mlangoni mbio yamejifunika mfarishi. Cherehani anayauliza kama yamefuliwa. Yanampita bila salamu.

Mama Mtewele anaudaka mfarishi, anaufumua kwa meno, anauchana kuwa kanda ndefu, ananiongezea huku na huku. Sasa nafika! Nafika kulia, nafika kushoto, nina hadi ukingo wa kukunja. Anaanza kunishona kulia, sindano inapiga mbio, nami napiga kelele za shangwe zisizo na maneno.

"Kushoto shona mwenyewe," anasema, akinirushia sindano nyingine. "Mimi sina mikono minne."

Nashona. Uzi unajisokota, sindano inanichoma, mshono unakwenda kama panya aliyelewa.

"Umepinda," namwambia Enesia.

"Kaza tu. Kuna baridi."

Nakaza. Nafunga fundo. Na Pasi anaingia, mkubwa kama nyumba, kifua kimejaa makaa, anapita juu ya safu moja baada ya nyingine. Haunguzi. Joto lake linaanzia visiginoni, linapanda taratibu, na popote lilipopita panatulia. Magoti yangu, ambayo yamerudi mahali pake, yanashusha pumzi.

Anafika juu yangu. Anasimama.

"Nani kashona hapa?" anauliza, majivu yakimtoka puani.

Najua anaonyesha wapi. Nafungua mdomo nijibu.

"Sisi," wanasema wanawake wote, kwa sauti ya watu wanaoitikia jambo la kila siku.

Pasi anatafakari kidogo. "Haya," anasema, na anapita.

Hapo nikaamka.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, na dirisha lilikuwa limejaa ukungu. Nilipotaka kugeuka, gauni langu la kulalia likanivuta ubavu wa kushoto. Nikapapasa. Palikuwa na kipande cha flaneli kisichozidi kiganja, cha maua madogo ya njano, kingo zake zimechanika kama kitu kilichong'olewa ghafla. Kilikuwa kimeshonwa kwenye gauni langu kwa mkono, na mshono umepinda. Flaneli ya namna ile sina, wala sijawahi kuwa nayo. Nikakinusa. Kilinukia maandazi, na kilikuwa bado cha moto.

Niliruka kutoka kitandani nikacheka peke yangu kwa sauti. Nikavaa sweta juu ya gauni lilelile, nikavaa viatu bila soksi, nikaukwapua mfarishi wangu. Mahali fulani katika mji huu kuna mwanamke aliyeamka na tundu ubavuni, na mimi najua atakakokuwa leo.