Chumvi Kwenye Chupa

Baba mdogo Nicodemo alitaka marumaru za bafuni zibandikwe Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi wakwe wa binti yake Restituta walikuwa wanakuja Mbulu kujitambulisha. Za zamani zilikwisha kuanguka. Fundi Lameck alizibandika kwenye ukuta mbichi, zikakaa miezi minne, halafu zikaanza kushuka moja moja kama wanafunzi wanaotoroka prepo.

Safari hii kazi alinipa mimi Fabiola, kazi yangu ya kwanza bila fundi wa kunisimamia. Niliziba bomba lililokuwa likivujia ukutani, nikabandua lipu iliyooza, nikapiga nyingine, nikaacha dirisha wazi na jiko la mkaa likiwaka siku tano. Lakini baridi ya Mbulu mnaijua. Hapa hata taulo hukauka kwa kubembelezwa.

Alhamisi nikamwamkia, kisha nikamwambia sibandiki. Akasema ukuta ni mkavu, ameugusa. Nikamjibu kwamba hata mimi ukinigusa ni mkavu, ila ndani nimejaa chai. Hakucheka. Akasema kama nimeshindwa, atamwita Lameck.

Mama mdogo Fransiska akanikonyeza ninyamaze. Sikunyamaza. Za Lameck zilipoanguka, watu walilaumu saruji. Zangu zikianguka watasema, si tulisema, msichana.

Baba mdogo hununua mahindi. Kabla ya kupokea gunia, hutia punje kwenye chupa pamoja na chumvi kavu, akatikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi ni mabichi, na hapo haongei tena na mtu. Basi nikakwangua lipu ya ukutani, nikaitia kwenye chupa yake mwenyewe pamoja na chumvi, nikampa.

"Tikisa, baba. Nunua hili gunia."

Akatikisa. Chumvi ikang'ang'ania kioo. Akatikisa tena kwa nguvu, ikazidi kunata.

"Hili ni bafu, si ghala," akasema.

"Basi mwite Lameck. Mimi nafungasha vifaa vyangu, na chupa naiacha dirishani wageni waione."

Hakumwita. Jumamosi wageni walinawa kwa ndoo uani, wakapita mbele ya bafu lenye jiko katikati na maboksi ya marumaru mlangoni. Mzee Akonaay, baba wa bwana harusi, mkulima wa Nangwa, akaiona chupa dirishani. Akaichukua, akatikisa, akauliza ni nini. Nikamwambia ni ukuta.

"Mbichi," akasema. "Gunia hili ningelirudisha."

Baba mdogo akanitazama. Nikaongeza mkaa.