Pembe Iliyozibwa na Kitanda

Usipoziba ufa utajenga ukuta, watu husema, kana kwamba sisi tulikaa tukiutazama. Ufa wa kwetu tuliuziba mara tatu. Maji yamekula msingi, mafundi wamesema dawa ni kubomoa, na chini ya ukuta huohuo amelala baba yangu, miguu imekufa, kichwa kizima na kigumu kuliko tofali.

Ukuta aliujenga mwenyewe enzi zake za uashi. Nimemwomba ahamie kwangu, nimelia, nimeita majirani tumbebe. Akawatukana mpaka wakatoka kwa aibu, mimi akaniuma mkono. "Nilipima wima wake kwa timazi, kwa mkono wangu," anasema. "Wewe seremala umejua lini mambo ya kuta?"

Nikamgeukia mama, anayelala upande wa pili wa chumba. Yeye akikubali kuondoka, nilijiambia, mzee atashika njia tu.

Nilikuwa nimeegemeza boriti ukutani, mguu wake sakafuni mbele ya kitanda cha baba, ncha yake ukutani juu ya kichwa cha mzee. Boriti, sakafu na ukuta vikafanya pembetatu. Nikampa mama kipimapembe changu. Chini, boriti na sakafu, nyuzi hamsini na saba. Juu, boriti na ukuta, thelathini na tano.

"Na ya tatu?"

"Kitanda kimeiziba, lakini hatuna haja ya kuiona. Pembe za pembetatu jumla yake ni mia na themanini, hata ufanyeje. Toa hizo mbili."

Alihesabu, midomo ikicheza. "Themanini na nane."

"Ukuta uliosimama sawa ungekupa tisini, mama. Huu unamwinamia baba."

Akaenda kuchemsha maji.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa na furaha niliyoisahau. Ile pembe ya juu imepungua, eti, ni thelathini na mbili, ukuta unarudi. Nikaacha msumeno ndani ya ubao nikaenda mbio, na moyo wangu mjinga ukaamini njia nzima.

Kumbe alipokuwa akifagia alisogeza mguu wa boriti karibu na kitanda.

"Sasa pima ya chini," nikamwambia.

Akapiga magoti. Sitini na mbili. Midomo ikaanza kucheza, nami nikatamani akosee, walau mara moja tu. Hakukosea.

"Zote mbili tisini na nne," akasema taratibu. "Imebaki themanini na sita."

"Nakuomba, mama. Tuondoke leo."

Safari hii baba hakumtukana mtu. Alikuwa akiutazama ukuta wake, machozi yakimwingia masikioni. "Nendeni," akasema. "Mimi niacheni nao."

Mama akafuta kipimapembe kwa gauni lake, akanirudishia. "Umenifundisha vizuri, mwanangu, nimeelewa. Sasa shika upande ule, tupeleke kitanda changu pale kwa baba yako."

Nikakataa. Nikafoka, nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama yake. Akaanza kukivuta peke yake, miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu, pumzi ikimkatika.

Mbele ya kitanda cha baba palikuwa na boriti, hapakuwa na nafasi. Tukakiweka chini ya ukuta uleule, kichwa cha mama na kichwa cha baba vikaribiane.