Kesi ya Dereva Aliyengoja

Katika nchi ya Ghururi, iliyo baina ya Mlima Majivuno na Mto Papara, kungoja kulihesabiwa aibu kubwa kuliko wizi. Mwizi aliweza kutubu akasamehewa, lakini aliyemngoja mwenzake aliitwa mtumwa wa watu, na wanawe walilirithi jina hilo. Methali zote za subira zilifutwa vitabuni, ikabaki moja tu: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Fahari ya Takaburi, mji mkuu, ilikuwa Stesheni ya Kiungo. Treni ilipita juu ya nguzo ndefu, ikiteleza juu ya mapaa kama tasbihi mkononi mwa mchaji. Na chini, penye mguu wa ngazi, kilijengwa kituo cha mabasi ili msafiri ashuke huku apande kule. Ujenzi ulikuwa wa hekima, matumizi yakawa ya wazimu. Treni iliposikika ikiingia, madereva wa chini walitia moto injini wakaondoka mbio, asije mtu akasema walikuwa wakingoja abiria. Abiria waliteremka kwa jasho wakalakiwa na moshi. Na kwa kuwa walizaliwa humo, waliusifu moshi kwa wepesi wake.

Shukurani, mshona magodoro aliyechechemea mguu wa kushoto, aliuzoea moshi huo. Lakini siku alipoitwa kijiji cha Ukingoni, mama yake akiwa mahututi, alifika chini akakuta basi moja limesimama, mlango wazi.

"Limeharibika?" aliuliza.

"Zima kabisa, mama," alijibu dereva, jina lake Hisani. "Nakungoja wewe."

"Wee! Watu watakusikia!"

"Basi panda upesi, nisizidi kuaibika."

Alifika Ukingoni. Bi Radhia, mama yake, alikuwa amebakiza pumzi za kumwekea mkono kichwani na kusema, "Nenda na radhi yangu, mwanangu." Magharibi haikumkuta hai.

Baada ya mazishi Shukurani alisikia kwamba Hisani amekamatwa kwa kosa la kungoja, na kwamba akitiwa hatiani atanyang'anywa usukani na kufukuzwa nchini. Majirani walimwonya asijitie katika aibu ya wengine. Yeye alijifunga kanga akaenda kushuhudia.

Pale Kiungo aliteremka ngazi sambamba na mzee mmoja mwenye joho, aliyehema kila kidato. Mabasi yalikuwa yamekwisha toroka.

"Nawe umeachwa, baba?"

"Nimeachwa, binti yangu. Tufuatane."

Walikwenda kwa miguu juani, naye akamsimulia habari za Hisani na radhi ya mama. Mzee alipunguza mwendo ili mguu wa Shukurani usiachwe nyuma.

Walipoingia barazani watu wote walisimama, na mzee akaketi katika kiti cha hukumu. Kumbe ndiye Jaji Insafu! Shukurani alitamani ardhi immeze.

"Mlikuwa mkifanya nini tangu asubuhi?" aliuliza Jaji.

"Tulikuwa tumekaa, Mheshimiwa," alijibu Harara, mshitaki mkuu, huku akijipepea.

"Mbona hamkuhukumu bila mimi?"

"Haki haikamiliki bila wewe."

"Basi mmeningoja."

Sauti ya nyuma ikapasuka, "Tumekwisha! Sote watumwa!" Watu wakacheka hata waliokusudia kununa.

"Nami nimemngoja mama huyu njia nzima," alisema Jaji, "wala sijaona nimepungua. Mama, sema ulilolijia."

Shukurani alisimama. "Sheria sikusoma, Mheshimiwa. Ninayo radhi ya mama yangu, nami nimeipata kwa sababu mtu huyu alisimama. Sina cha kumlipa. Nimekuja kusema ahsante mbele ya watu."

Neno hilo lilikuwa geni Ghururi, kwa maana nani angeshukuru, ikiwa hakuna aliyewahi kumngoja? Hisani alifunika uso kwa viganja akalia.

Aliachiliwa siku ile ile, na ikaamriwa basi lisiondoke Kiungo kabla mguu wa mwisho haujaacha ngazi.

Miaka ikapita. Asubuhi moja basi la Hisani lilikuwa limejaa, injini ikinguruma, na ngazini amebaki mtu mmoja, mkongojo mkononi: Harara.

"Taratibu, bwana!" alipaza sauti Hisani. "Hatuna pa kukimbilia."

Harara alipanda akitazama chini. Shukurani akajisogeza dirishani, akapapasa kiti kando yake.

"Karibu. Nafasi yako tumekuwekea."

Harara aliketi, akahema, na midomo yake ikatafuta neno ambalo haijapata kulitamka. Basi zima likamngoja mpaka akalipata.